Mlango Ukifungwa, Mungu Yuko Ndani

Mafundisho kwa wakatekumeni wa vijiji juu ya amani ya nyumba



Mwaka 2020 hautasahauliwa upesi katika nchi yetu. Tarehe 10 Machi mgonjwa wa kwanza wa korona alijulikana huko Kinshasa. Tarehe 18 Machi Rais wa Jamhuri alitangaza ya kuwa shule zifungwe, makanisa yafungwe, mabaa yafungwe, wala watu zaidi ya 20 wasikusanyike mahali pamoja. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa nyumba ya Nazareti. Tarehe 24 Machi ikatangazwa hali ya hatari. Juma Kuu likapita, Pasaka ikapita, nasi tulisali kila mtu nyumbani kwake. Ruhusa ya kufungua tena makanisa ilikuja tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni.

Sisi wa Sange na wa bonde lote la Ruzizi hatukufungiwa ndani kama watu wa Gombe, mtaa wa Kinshasa uliozuiliwa tangu tarehe 6 Aprili. Mwenye shamba la mpunga au la mihogo aliendelea kulima. Lakini mpaka wa Burundi ulifungwa. Akina mama waliozoea kuvuka pale Kavimvira na mizigo yao kwenda kuuza Bujumbura walirudi nyumbani mikono mitupu. Wanaume waliokuwa wakipata riziki kwa safari na biashara walikaa kivulini. Katikati ya Aprili mvua kubwa ikaleta mafuriko huko Uvira: mto Mulongwe ulifurika, watu wakafa, maelfu ya nyumba yakabomoka, jamaa nyingi zikasongamana mahali padogo. Ugonjwa, njaa na maji, vyote vilitujia katika majira mamoja.

Ndipo likaonekana jambo ambalo halikutajwa katika hesabu ya wagonjwa. Watu walifunga mlango ili ugonjwa usiingie. Kumbe ndani ya nyumba nyingi ubaya mwingine ulikuwa umekwisha kuingia zamani, umekaa jikoni na chumbani. Wanawake walipigwa na waume zao. Walitukanwa, walinyang'anywa fedha kidogo waliyoificha kwa ajili ya chumvi na dawa, walilazimishwa kwa nguvu usiku. Tena safari hii hawakuwa na pa kukimbilia.

Jambo hili lilikuwa kubwa hata wakubwa wa dunia walilisema. Tarehe 5 Aprili 2020, Jumapili ya Matawi, António Guterres, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliomba amani nyumbani, kwa maana kwa wanawake wengi hatari iko pale pale ambapo wangepaswa kuwa salama. Siku nane baadaye, Jumatatu ya Pasaka, marehemu Papa Fransisko aliwakumbuka akina mama waliobeba mzigo mzito ndani ya nyumba zilizofungwa, akawaombea wale waliokuwa katika hatari ya kupigwa. Basi tusidhani ya kuwa haya ni maneno madogo ya wanawake kisimani. Ni jambo la wokovu wa roho, nalo linamhusu kila mmoja anayejitayarisha kubatizwa.

KORONA HAIKUZAA UBAYA HUU

Wengine husema: "Ilikuwa shida ya korona. Mtu akikosa kazi, hasira humpanda." Je, ni kweli?

Sikilizeni hesabu. Katika miaka 2013 na 2014 serikali ya Kongo iliwahoji wanawake wa nchi yote juu ya afya na maisha yao. Zaidi ya nusu ya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamekwisha kupigwa tangu walipofika miaka 15. Mwaka 2013 korona ilikuwa wapi? Haikuwako. Na Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza mwaka 2021 ya kuwa duniani pote, karibu mwanamke mmoja katika watatu amepigwa au ametendewa kwa nguvu katika maisha yake, na mara nyingi aliyemtenda ni mume wake au mwanamume anayeishi naye.

Basi korona haikuuzaa ubaya huu. Iliufungia ndani pamoja na mwanamke, ikamwondolea njia ya kutoka. Siku za kawaida mama anayeteswa hupata nafasi ya kupumua. Huenda sokoni, huenda mtoni, huenda Misa ya Jumapili, humsalimu mama yake mzazi, huonana na katekista. Jirani huona jicho lililovimba, huuliza. Watoto wakiwa shuleni, mwalimu huona kama mtoto analia bila sababu. Nafasi hizo zote zilifungwa kwa siku chache. Na tangu tarehe 18 Desemba 2020 ikakatazwa kutembea usiku, tangu saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri. Mama aliyepigwa saa 4 usiku angekwenda wapi? Nje kuna doria, ndani kuna fimbo.

Tena fikirini hili. Watu maelfu na maelfu walikosa kazi mwaka ule, wala hawakumpiga mtu. Wajane walikosa soko, hawakumpiga mtu. Mume mwenyewe aliyempiga mke, alipokutana na askari njiani akaombwa fedha na kutukanwa, hakumpiga askari. Alijizuia. Basi anajua kujizuia! Alipofika nyumbani aliuachilia mkono wake kwa sababu alijua ya kuwa aliye mbele yake hatamrudishia. Shida hujaribu moyo, lakini anayeinua mkono ni mtu mwenyewe.

MUNGU ATUFUNDISHA NINI?

Kitabu cha Mwanzo chatufundisha ya kuwa Mungu aliwaumba mwanamume na mwanamke, wote wawili kwa mfano wake. Hakumwumba mmoja kwa mfano wake na mwingine kwa mfano wa punda. Mwanamke alitolewa ubavuni mwa mwanamume, naye Adamu alipomwona alifurahi, akamtambua kuwa ni mfupa na nyama yake mwenyewe. Anayempiga mke wake ajipiga mwenyewe, na pamoja na hayo apiga mfano wa Mungu.

Mtakatifu Paulo, katika barua kwa Waefeso, sura ya 5, awaagiza waume wawapende wake zao kama Kristu alivyolipenda Kanisa. Kristu alilipendaje Kanisa? Alijitoa kwa ajili yake. Alipigwa yeye ili sisi tupone. Hatusomi mahali popote katika Injili ya kuwa Yezu alimpiga mwanamke, wala kumtukana, wala kumfukuza. Mwanamke aliyefumaniwa katika dhambi aliletwa mbele yake, na wanaume wenye mawe mikononi walimzunguka. Yezu aliwafanya waume wale wayatupe mawe chini, mmoja mmoja, tangu wazee. Basi mkatekumeni mwanamume ajiulize: jiwe langu nimelitupa, au ningali nalo mkononi?

Katika barua kwa Wakolosai, sura ya 3, Paulo awakataza waume wasiwe wakali kwa wake zao. Na Mtakatifu Petro, katika barua yake ya kwanza, sura ya 3, aongeza neno la kuogopesha: mume aishi na mke wake kwa akili na heshima, ili sala zake zisizuiwe. Mmesikia? Mume anayemdharau mke wake azizuia sala zake mwenyewe. Anaweza kujua Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki na Amri Kumi bila kukosa neno. Lakini akimpiga mkewe jioni na kusali asubuhi, yeye mwenyewe ameifunga njia ya sala yake.

Wala haya si mafundisho mapya yaliyoletwa juzi kutoka mbali. Zaidi ya miaka 1600 iliyopita Mtakatifu Yohane Krisostomo, padri wa Antiokia aliyekuwa baadaye askofu wa Konstantinopoli, aliwahubiria wanaume wa mji wake ya kuwa hakuna kosa la mke linaloweza kumpa mume haki ya kumpiga, na ya kuwa ni aibu kwa mume mwenyewe. Katika siku zetu Papa Paulo VI aliandika mwaka 1968, katika barua Humanae Vitae, ya kuwa tendo la ndoa analolazimishwa mmoja bila kujali hali yake na mapenzi yake halina upendo wa kweli. Na Papa Fransisko, katika barua Amoris Laetitia ya mwaka 2016, alisema waziwazi ya kuwa kumtesa mwanamke, kwa maneno, kwa mapigo au kwa kumlazimisha, kwapingana na ndoa yenyewe.

MANENO YA KUJITETEA

Tuyatazame sasa maneno ambayo waume hujitetea nayo, tuyapime mbele ya Mungu.

"Nilitoa mahari." Kweli, ulitoa ng'ombe au fedha. Mahari ni shukrani kwa wazazi waliomlea binti yao, nayo huunga jamaa mbili. Haikununua mwili wa mtu. Mwili wa mke wako umekwisha kununuliwa kwa bei kubwa kuliko ng'ombe zote za bonde la Ruzizi. Umenunuliwa kwa Damu ya Yezu Kristu msalabani. Nani amekupa ruhusa ya kuharibu mali ya Bwana?

"Mimi ni kichwa cha nyumba." Vema. Kichwa kina macho ya kuona hatari na masikio ya kusikia kilio. Umekwisha kuona wapi kichwa kinachouuma mkono wake chenyewe? Tukimwona mtu wa namna hiyo twasema ana wazimu.

"Ni desturi ya wazee." Desturi gani? Katika makabila yetu mengi mke aliyepigwa vibaya alirudi kwa baba yake, na mume alikwenda na wazee kumwomba, akatozwa fidia mbele ya watu, akaona haya. Wazee walijua ya kuwa ni kosa. Kama lisingekuwa kosa, wasingelitoza fidia. Ninyi mnashika nusu ya desturi, ile inayowapendeza.

"Nilikuwa nimelewa." Pombe haikuja nyumbani kwa miguu yake. Mabaa yalipofungwa mwaka 2020, wengine waliileta pombe ndani, wakainywea mbele ya watoto. Anayejua ya kuwa kanyanga humfanya simba, naye akaendelea kuinywa, ana makosa mawili, la ulevi na la kupiga.

"Ni siri ya nyumba yangu, isiwahusu wengine." Tutalijibu neno hili mbele kidogo, maana ndilo linaloua watu wengi zaidi.

TUSIWE NA MIZANI MIWILI

Ndugu zangu, nchi yetu ya Kivu imejulikana duniani kwa mateso ya wanawake wakati wa vita. Hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999, imewatibu maelfu kwa maelfu, na daktari wake Denis Mukwege alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018. Tarehe 1 Januari 2011 wanawake wa Fizi walitendewa ubaya na askari. Mwezi wa Februari mwaka ule mahakama ya kijeshi iliketi Baraka, wanawake wakatoa ushuhuda, na ofisa mkubwa akahukumiwa miaka 20 gerezani. Sisi sote tulisema: haki imetendeka.

Sasa nawauliza. Mtu mwenye bunduki akimpiga mwanamke na kumlazimisha, twamwita mwovu, tena twasema vema. Mume asiye na bunduki akimtenda mke wake vile vile, tutamwitaje? Je, maumivu ya mwanamke hupungua kwa sababu aliyempiga alimwoa? La, hasha! Huzidi, kwa maana askari alikuwa mgeni na adui, lakini mume ndiye aliyeapa kumlinda. Vita vimerudi tena katika bonde letu, na mwaka 2025 wengi walilazimika kukimbia hata ng'ambo ya mto, Burundi. Mama anayekimbia vita vya nje asikute vita vingine chini ya turubai lake.

KWA AKINA MAMA WANAOTESWA

Wapenzi akina mama, labda mmeambiwa: "Vumilia, ndio msalaba wako." Sikilizeni vema. Msalaba ni ule unaotujia bila dhambi ya kuutafuta wala njia ya haki ya kuuondoa: ugonjwa, njaa, kufiwa. Dhambi ya mtu mwingine anayekuvunja mkono si msalaba uliopewa na Mungu kuubembeleza. Ni dhambi, nayo yapasa ikomeshwe. Mama anayemzuia mume wake asiendelee kutenda dhambi amtendea mume huyo tendo la upendo.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 25, twasoma habari za Abigaili. Mume wake Nabali alikuwa tajiri, mwenye kondoo 3000 na mbuzi 1000, lakini mkali na mlevi. Hata watumishi wake walisema haiwezekani kusema naye. Kwa ukali wake aliiletea nyumba yake hatari ya kifo. Abigaili hakuketi akalia. Alitoka, tena bila kumwambia mumewe, akamwendea Daudi, akaiokoa nyumba yote. Aliporudi akamkuta Nabali amelewa, hakusema neno usiku ule. Alingoja asubuhi, pombe imtoke. Je, Maandiko yanamlaumu kwa kutoka nyumbani? Hapana, yamsifu kwa akili zake.

Kanisa lenyewe, ingawa lashika ya kuwa ndoa takatifu haivunjwi, halikuwafungia wanawake katika hatari. Kanuni ya 1153 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yafundisha ya kuwa mume au mke anayemtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au ya mwili, ampa mwenzake sababu ya haki ya kutengana naye, kwa amri ya Askofu; na kama kungoja kuna hatari, aweza kuondoka mwenyewe kwanza. Papa Fransisko aliandika mwaka 2016 ya kuwa mara nyingine kutengana kwawa lazima, ili kumwokoa aliye mnyonge pamoja na watoto. Kutengana huku hakuvunji kifungo cha ndoa, wala si ruhusa ya kuoa au kuolewa tena. Ni kuondoka ndani ya nyumba inayoungua.

Sheria za nchi pia ziko upande wenu. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 14, yaagiza serikali ipigane na mateso ya kila namna juu ya mwanamke, hadharani na nyumbani. Sheria ya makosa huadhibu kumpiga na kumjeruhi mtu, wala haikusema "isipokuwa mke." Zamani Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mume kabla ya kwenda mbele ya hakimu au kufanya mapatano, ilipogeuzwa mwaka 2016, sharti hilo la idhini liliondolewa.

Basi mfanye nini? Mwambieni mtu mmoja mwenye moyo wa kuaminika, msingoje siku ya kufa: mama mzazi, shangazi, mama mkubwa wa shirika lenu, katekista, padri, muuguzi. Wekeni kando karata ya uchaguzi, hati za watoto na nguo chache, mahali ambapo mume hazijui. Mkijeruhiwa nendeni kituo cha afya, mkamwambie muuguzi ukweli, asidhani mmeanguka kisimani, naye aandike. Aliyelazimishwa kwa nguvu afike upesi, kabla masaa 72 hayajapita, maana ziko dawa za kuzuia ukimwi zinazofaa ndani ya muda huo tu. Na kama mkienda polisi, msiende peke yenu. Katika polisi ya Kongo kiko kikosi kilichowekwa kwa ajili ya kuwalinda watoto na wanawake.

Na kusamehe? Ndiyo, Mkristu husamehe. Lakini kusamehe ni kukataa chuki moyoni. Si kuficha jeraha, wala si kurudi leo chini ya mkono ule ule kabla haujabadilika.

KWA MAJIRANI, WAKWE NA VIONGOZI

Sange inajua moto. Tarehe 2 Julai 2010 gari la petroli lilipinduka njiani, likawaka, na watu zaidi ya 230 walikufa. Wamo waliokuwa wameketi mbali na gari, wakitazama mpira. Moto uliwafuata walipokuwa. Hasira ya nyumba moja ni vivyo hivyo. Yaanza kwa bibi, yafika kwa watoto, yakua pamoja nao. Mvulana aliyemwona baba akimpiga mama hujifunza ya kuwa ndivyo uanaume ulivyo. Msichana hujifunza ya kuwa ndivyo ndoa ilivyo. Halafu nao huoa na kuolewa.

Kwa hiyo lile neno "ni siri ya nyumba yangu" si kweli. Wahenga wamesema: mficha maradhi kifo humfichua. Sisi wa ukingo wa Tanganyika tunakijua kipindupindu. Mgonjwa asipopelekwa upesi hufa ndani ya masaa machache. Nani kwetu atamfungia mgonjwa wa kipindupindu ndani, aseme ni siri ya nyumba yake? Majirani wangevunja mlango. Basi mkisikia kilio cha mwanamke usiku, msizime taa na kujifunika blanketi. Nendeni wawili watatu, bisheni hodi, ombeni hata kiberiti au chumvi. Mara nyingi hodi moja yatosha kuushusha mkono.

Nanyi wazazi wa binti, msimrudishe upesi kwa hofu ya kudaiwa mahari. Ng'ombe hufa na kuzaliwa wengine. Binti yenu ni mmoja. Nanyi wazazi wa kijana, msimtetee mwana wenu mbele ya jeraha mnaloliona kwa macho. Na viongozi wa shirika, likija tauni jingine na makanisa yakafungwa tena, ugaweni mtaa, kila mmoja awe na nyumba zake za kupitia, asimame mlangoni na kuuliza: "Mmeamkaje?" Kisha angoje jibu la mama, si la baba peke yake.

KWA WANAUME WANAONGOJA UBATIZO

Sasa nasema nanyi waume, kwa upole, tena bila kuficha. Siku ya ubatizo utaulizwa: "Unamkataa Shetani, na matendo yake yote?" Utajibu: "Namkataa." Je, kumpiga mkeo ni tendo la nani? Kama hujaazimu kuliacha, utamwambia Mungu uwongo mbele ya kisima cha ubatizo. Afadhali umwendee padri na katekista, useme: "Nina vita hivi nyumbani kwangu, nisaidieni." Kungoja mwaka mmoja zaidi si aibu. Aibu ni kubatizwa kwa maji na kurudi kunawa damu.

Fanya hivi. Hasira ikianza kupanda, toka nje kabla mkono haujainuka. Zunguka shamba, rudi umetulia. Usizungumze mambo ya fedha ukiwa na njaa au pombe. Kama pombe inakushinda, iache kabisa, maana kwako kidogo chake ni kingi. Tafuta mzee mwaminifu, umwombe akuulize kila juma: "Umemtendaje mkeo?" Na kama umekwisha kumpiga, usidhani neno "nisamehe" latosha. Lipa dawa, mrudishie fedha yake, ungama kosa mbele ya waliolisikia, nawe ukubali kungoja, hata kama yeye yuko kwa wazazi wake, mpaka imani yake kwako irudi.

Mtazameni Mtakatifu Yosefu. Alikuwa fundi maskini, akakimbilia Misri usiku pamoja na Mama na Mtoto, mfalme akimtafuta Mtoto kumwua. Shida yake ilikuwa ndogo kuliko yenu? Lakini Maria hakumwogopa hata siku moja.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Je, mume ana haki ya kumpiga mke wake kwa kumwonya?
Jibu: Hapana. Mke si mtoto wala mtumwa wake. Ni mwenzake, mfano wa Mungu.

Swali: Kumtesa mke ni kumpiga tu?
Jibu: Hapana. Ni pia kumtukana, kumnyima chakula, kumnyang'anya fedha yake, kumfungia ndani na kumlazimisha kwa nguvu.

Swali: Mke anayeyasema mateso yake kwa padri, katekista au hakimu atenda dhambi?
Jibu: Hatendi dhambi. Aokoa uzima aliopewa na Mungu.

Swali: Mke aliye katika hatari aweza kuondoka nyumbani?
Jibu: Aweza. Kanisa lampa ruhusa kwa kanuni ya 1153, ingawa kifungo cha ndoa chabaki.

Swali: Jirani anayesikia kilio na kunyamaza ana kosa?
Jibu: Ana kosa la kutotimiza wajibu, kama yule kuhani aliyempita mtu aliyejeruhiwa katika njia ya Yeriko.

Azimio la juma hili: Kila mume amwulize mke wake, watoto wakiwa hawapo na moyo umetulia: "Je, unaniogopa?" Akijibu, asimkatize neno. Na kila mama anayejua nyumba yenye kilio apite pale mara mbili kabla ya Jumapili.

Tusali. Ee Mungu Baba, wewe uliingia pamoja nasi milango ilipofungwa mwaka 2020, ukayaona yote yaliyotendeka gizani. Waponye akina mama waliojeruhiwa, uwape mahali pa kukimbilia na watu wa kuwasikiliza. Ishike mikono ya waume isiinuke tena, uifanye ifae kulima, kujenga na kubariki watoto. Utupe sisi majirani masikio yasiyolala. Na siku ya ubatizo wetu, utukute tumeyatupa mawe yetu yote chini. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.

Bikira Maria, Mama wa wenye uchungu, utuombee.
Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa nyumba zetu, utuombee.